Kitanda Kimoja cha Kwenda Curitiba

SEHEMU YA SABA

Tulimwacha Daria Hnatiuk jikoni kwa mama yake mjini Winnipeg, Kanada, simu ameibana kwa bega, mikono imejaa unga, na mhudumu wa benki anamwambia jambo ambalo hakulitegemea.

"Hakuna kitu humu, mama. Akaunti ya pointi iko tupu. Zilitolewa zote Jumatano."

"Zilitolewa na nani?"

"Na mwenye kadi."

Mwenye kadi ni kaka yake, Orest. Daria ana kadi ya pili tu, iliyounganishwa na ile ya kaka, na ndiyo anayonunulia dawa za mama, chakula cha mama na mafuta ya gari la kumpeleka mama kliniki. Kila anapoipitisha dukani, pointi za zawadi, zinazoweza kubadilishwa kwa tikiti za ndege, zinaingia kwenye chungu kimoja. Miaka tisa ameipitisha.

Alishukuru, akakata simu, akaifuta unga kwa kitambaa cha jikoni.

"Wanasemaje?" aliuliza mama yake. Stefania alikuwa upande wa pili wa meza, anakata donge la unga kwa mdomo wa glasi, duara baada ya duara, za kutengenezea pyrohi, vile vifuko vya unga vya Kiukraini vinavyojazwa viazi na kuchemshwa.

"Wanasema tusubiri, Mama."

"Nina miaka themanini. Umewaambia?"

"Nitawaambia."

Kwa wale waliokosa wiki zilizopita, mambo yako hivi. Dada yake Stefania, Olha, yuko Curitiba, Brazil. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, familia yao ilikuwa kambini Ujerumani, na bahari ikawagawa: Stefania akapanda meli ya Kanada na wazazi, Olha akapanda ya Brazil na shangazi yao. Hawajaonana tena. Wanapigiana simu kila Krismasi, wanaulizana hali ya hewa, wanalia kidogo, wanaagana.

Mwezi uliopita alipiga Tarcísio, mtoto wa Olha. Moyo wa mama yake unachoka, alisema. Anayetaka kumwona aje upesi.

Stefania ana chuma kwenye nyonga. Daktari wake alisema waziwazi kwamba kutoka Toronto hadi São Paulo hawezi kukaa amekunjwa usiku kucha. Akisafiri, asafiri amelala. Na viti vya mbele vinavyogeuka kitanda, ukivilipia kwa pesa, kimoja tu ni bei ya gari la mtumba linalotembea vizuri. Nyumba hii haina pesa hiyo. Ilikuwa na pointi.

Orest aliingia kwa mlango wa nyuma, theluji mabegani. Mtu wa miaka hamsini na sita, mkaguzi wa bima, kazi yake kupanda juu ya mapaa ya watu baada ya mvua ya mawe na kuandika hasara. Macho yake yalikuwa mekundu.

Daria hakungoja avue kofia.

"Umeziuza?"

"Nimeuza nini?"

"Pointi. Nimetoka kuongea na benki sasa hivi. Hakuna kitu."

"Shusha sauti, Daria."

"Sauti yangu iko chini. Sina hata nguvu ya kuipandisha."

Orest alimtazama mama yake. Mama alikuwa anakata unga.

"Sijauza," alisema. "Nimezihamisha. Ziko kwa shirika la ndege."

"Bila kuniambia."

"Ningekwambia, ungesema tungoje."

"Ningesema tungoje kwa sababu zikitoka benki hazirudi. Si wewe uliyenifundisha? Mara mia umenihubiria hapa hapa mezani. Daria, usihamishe pointi mpaka uwe na kiti mkononi. Daria, pointi zikishakwenda kwa shirika, zimekwenda. Sasa leo vipi?"

"Walitoa nyongeza. Wiki hii tu. Ukihamisha kumi, shirika linakuongezea tatu. Bila hiyo nyongeza zilikuwa hazitoshi vitanda viwili, nilipiga hesabu kila namna. Mwisho ulikuwa jana."

Daria alivuta pumzi. Kaka yake, pamoja na mambo yake yote, hakuwahi kukosea hesabu.

"Kwa hiyo tunavyo viwili."

Orest alivuta kiti akakaa, na viatu vyake vya theluji miguuni. Msomaji, katika nyumba ya Stefania Hnatiuk hakuna kasisi wala fundi bomba aliyewahi kuvuka mlango na viatu. Daria aliviangalia vile viatu vinavyotoa maji sakafuni, akaelewa.

"Jumatano nilipobonyeza, vilikuwepo viwili," alisema Orest. "Nimeviona kwa macho yangu. Lakini pointi hazifiki papo hapo. Zimekuwa njiani. Leo asubuhi zimeingia, nikafungua, kimebaki kimoja. Mtu amechukua."

"Kimoja cha nini?" aliuliza mama.

"Kitanda, Mama."

"Basi mimi ni mmoja."

"Huwezi kwenda peke yako," walisema wote wawili, na kwa mara ya kwanza mwaka ule walikuwa upande mmoja.

Haikudumu.

"Unajua kinachoniuma?" alisema Daria. Aliendelea kujaza viazi kwenye duara za unga na kuzibana, kwa sababu mikono yake ilishazoea kufanya kazi hata yeye mwenyewe akiwa hoi. "Si kitanda. Ni kwamba kila mwaka ulituambia tungoje. Niliomba kibaniko cha mkate, cha zamani kilikuwa kinatoa moshi. Ukasema kubadilisha pointi kwa kibaniko ni kuzitupa jalalani. Sawa. Baba akaomba tumpeleke Vancouver, akaione bahari upande ule, kiti cha kawaida tu, saa tatu angani. Ukasema nini?"

Orest aliangalia maji sakafuni.

"Ulisema nini, kaka?"

"Nilisema thamani mbaya."

"Kila pointi inanunua senti moja tu ya tikiti, ulisema. Ukamwambia angoje mpaka kila pointi inunue senti mbili. Baba akangoja. Akafia hapo chumba cha nyuma akiwa bado anangoja senti mbili."

Glasi ya Stefania ilisimama kwenye unga, halafu ikaendelea.

Mngetegemea Orest apige meza. Hakupiga. Alivua kofia akaikunja mapajani.

"Unadhani silikumbuki?" alisema. "Nikwambie pointi ni nini kwangu. Pointi ni mji wa Yorkton. Ni mji wa Swift Current. Ni vyumba vya hoteli za kando ya barabara kuu vinavyonuka dawa ya bwawa la kuogelea, na kahawa ya kwenye kikombe cha karatasi, na mimi asubuhi juu ya paa la mtu nisiyemjua nahesabu mashimo. Majira yote ya joto, kila mwaka. Wenzangu walikuwa wanarudi kwa wake zao. Mimi nikifika chumbani nafungua akaunti, naangalia zimefika ngapi. Nikawa nasema, ipo siku hivi vyumba vyote vitakuwa kitu kimoja kizuri. Sikutaka vigeuke kibaniko cha mkate."

Daria alibana pyrohi nyingine.

"Piga simu," alisema hatimaye. "Usiangalie kompyuta. Piga uongee na mtu."

Orest akapiga. Akaweka spika. Muziki ukaanza, wimbo uleule unaozunguka, na sauti ya mashine inayowashukuru kwa uvumilivu wao. Maji yalichemka, Daria akatumbukiza pyrohi za kwanza, zikaelea, akaziepua, akatumbukiza nyingine. Mama alisinzia kidogo kitini. Muziki haukubadilika.

"Habari za asubuhi, naitwa Ghislaine, niwasaidie nini?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke wa mashariki mwa Kanada, wa upande wa Moncton, mwenye Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa na uchovu wa mtu aliyesikiliza malalamiko tangu alfajiri. Orest alimweleza kila kitu kwa mpangilio, kama anavyoandika ripoti ya paa.

"Nakiona kitanda kimoja," alisema Ghislaine. "Cha pili hakipo, bwana. Siwezi kukiumba."

"Siku nyingine je?"

"Wiki hiyo yote hakuna. Ya pili yake hakuna. Mnaweza kungoja Mei?"

"Hatuwezi," alisema Daria.

Kibodi ililia huko Moncton. Ikanyamaza. Ikalia tena.

"Nina kiti cha nyuma," alisema Ghislaine. "Ndege ileile. Kitanda kimoja mbele, kiti kimoja nyuma, kwenda na kurudi. Pointi zenu zinatosha, zitabaki chache za kununulia kahawa. Lakini niwe mkweli kwenu, ndege inakaribia kujaa na hicho kiti leo kinauzwa kwa pointi karibu sawa na za kitanda. Kwa thamani ni kibaya sana. Angekuwa kaka yangu, ningemwambia asikichukue."

Daria alimgeukia kaka yake. Alimwona akifumba macho. Alimjua, alijua kwamba kichwani mwake namba zilikuwa zinagawanywa, na jibu linalotoka ni aibu tupu kwa mtu aliyekusanya maisha yake yote.

"Chukua," alisema Orest.

"Una hakika, bwana? Nikishakata—"

"Chukua, mama. Vyote viwili."

"Haya. Nipeni majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Kitandani nani?"

"Stefania Hnatiuk."

"Na nyuma?"

"Daria Hnat—"

"Orest," alisema Stefania.

Alikuwa hajasinzia, kumbe.

"Mama, ni Daria anayekwenda na wewe," alisema Orest taratibu. "Tulishakubaliana. Ameshaomba likizo kule hospitali anakofanya kazi, wiki tatu."

"Vizuri. Alale hizo wiki tatu. Wewe unakuja."

Daria alikuwa ameshika kijiko chenye matundu juu ya sufuria, maji yanadondoka.

"Mama, nani atakuvalisha soksi?"

"Orest ana mikono."

"Nani atakupeleka chooni kwenye ndege?"

"Mama, kwa kweli," alisema Orest, na uso wake ulikuwa mwekundu kama supu ya bitiruti, "mimi mambo hayo siyawezi."

"Mimi nilikupeleka wewe chooni miaka mitatu, na ulikuwa mgumu kuelewa. Utajifunza."

Huko Moncton mtu alikohoa kidogo, au alicheka.

Nitawaambia kitu ambacho Daria hakumwambia mtu. Mama mkubwa Olha alikuwa mgeni kwake, picha ukutani. Alichokuwa anakiota usiku ni ile ndege yenyewe. Kwamba atakaa, hata iwe nyuma kabisa karibu na choo, na mtu mwingine atamletea chakula, na mtu mwingine atakuja kuondoa sahani. Mama atakuwa amelala huko mbele chini ya uangalizi wa watu waliosomea kazi hiyo. Usiku mmoja mzima angani, hakuna wa kumwita. Alishachagua hata blauzi.

"Unaniadhibu," alisema.

"Nakupumzisha."

"Hukuniuliza kama nataka kupumzikia hapa."

Stefania aliweka glasi chini. Alikuwa na sura ya mtu ambaye angependa kumaliza mambo bila kuyasema, na sasa ameona hayaishi.

"Nikienda na wewe, Daria, utakuwa unanitumikia kama unavyonitumikia hapa, ila kwenye joto. Kuna safari gani hapo? Sikuzaa mtumishi. Na huyu," alimnyoshea Orest kidevu, "lini mara ya mwisho alilala mahali ambapo mtu atamwuliza asubuhi, umelalaje? Umemsikia mwenyewe. Yorkton."

"Kwa hiyo yeye akilia, anapewa Brazil."

"Wewe hujawahi kulia. Nifanyeje? Unabana pyrohi tu."

Hilo lilimwingia. Alikaa, kijiko mkononi.

"Samahani," alisema Ghislaine. "Bado mpo? Kitanda siwezi kukishikilia zaidi ya hapa. Kuna mtu mwingine anakiangalia, namwona."

Orest alimtazama dada yake. "Sema wewe. Utakalosema ndilo hilo. Ukisema unakwenda, nenda. Mimi nilishazoea kubaki peke yangu."

Daria alikiweka kijiko mezani.

Aliivuta simu karibu. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeagiza dawa.

"Orest. O, R, E, S, T. Jina la ukoo ni lilelile."

"Asante, mama." Kibodi ililia. "Imekatwa. Mtapata ujumbe sasa hivi." Halafu, kwa sauti ya chini kidogo, isiyo ya kazini: "Mimi ningelala, mama. Ningezima simu kabisa."

Akakata.

Ujumbe ulilia kwenye simu ya Orest. Aliusoma, akaufunga. Alifungua ile akaunti, kwa mazoea, akaona kilichobaki, ambacho kilikuwa karibu na hakuna, na akashangaa kwamba hakuona uchungu wowote. Aliinama akavua viatu, kimoja kimoja, akaenda kuviweka mlangoni, akarudi na kitambaa akapiga magoti kufuta maji sakafuni.

"Acha, nitafuta mimi," alisema Daria.

"Nafuta mwenyewe."

"Basi unichukulie nafasi yangu yote. Soksi zake ni zile za kubana, za duka la dawa. Unazikunja kwanza, halafu unaingiza vidole. Ukivuta tu kama unavyovaa wewe, utamchubua."

"Nionyeshe baadaye."

"Nitakuonyesha."

Aliwapakulia. Siagi, vitunguu vilivyokaangwa, krimu chachu. Walikula wakiwa wameinamisha vichwa, kama watu waliotoka kubeba kabati ngazini. Daria alijikuta anafikiria wiki tatu, nyumba tupu, kitanda chake, hakuna kengele ya kumwamsha. Kwa mbali sana, akaanza kuona kwamba pengine Ghislaine ana akili.

Ndipo simu ya ukutani ikaita.

Simu ile haipigwi na mtu isipokuwa wauza madirisha na Brazil. Daria aliinuka akabonyeza spika, kwa sababu mama yake anapenda kusikia.

"Daria? Ni Tarcísio." Kiukraini chake kilikuwa cha kuimba, cha mtu aliyejifunza kwa bibi zake na kukitumia kanisani tu. "Niambie, dada. Tikiti mmeshakata?"

"Tumekata hivi punde. Mama na Orest. Watakuwa kwenu kabla ya Pasaka."

Tarcísio hakusema "vizuri". Hakusema "Mungu ashukuriwe". Walisikia pikipiki ikipita huko Curitiba.

"Zinaweza kubadilishwa jina?"

"Kwa nini?"

"Mama leo ameamka na nguvu. Ameketi, amekula. Nikamwambia habari njema, kwamba dada yake anakuja." Alisita. "Daria, ondoa spika."

Daria alipeleka kidole kwenye kitufe. Stefania aliinua mkono kumzuia, polepole, bila kugeuza kichwa.

"Sema tu, Tarcísio," alisema Daria. "Wote tupo."

"Ananilazimisha niseme kama alivyosema yeye, amenirudisha mara mbili nisikosee. Anasema mlango wake utafunguliwa kwa Daria. Kwa Orest pia, akitaka. Stefania asije."

"Ana homa," alisema Orest. "Ni ugonjwa huo."

"Hana homa. Nimempima. Anasema mkitaka kujua sababu, msimwulize yeye." Karatasi haikusikika, alikuwa anayasema kwa kukariri, kwa shida, kama mtoto anayetamka sala. "Anasema, mwulizeni Stefa alimwambia nini yule daktari wa Bremerhaven."

Daria na Orest walitazamana. Bremerhaven, bandari ya Ujerumani, ndiko meli zilikoondokea. Tangu wakiwa wadogo walisimuliwa hadithi moja: kwamba Olha, msichana wa miaka kumi na tatu, alikaguliwa bandarini, daktari akakuta macho yake mabovu, Kanada ikamkataa. Bahati mbaya. Macho. Hakuna aliyewahi kutaja kwamba mtu alimwambia daktari kitu, na Stefania wakati huo alikuwa na miaka tisa.

"Mama," alisema Orest. "Daktari gani?"

Stefania alikuwa ameuweka uma pembeni ya sahani, sawasawa, kama mtu aliyemaliza kula mahali pa ugeni. Uso wake haukuonyesha hofu. Ulionyesha uchovu, uchovu wa zamani kuliko watoto wake wote wawili.

"Kumbe naye anajua kwamba nilisema," alisema. "Miaka yote hii nilidhani siri hii ninayo peke yangu."

Alishika ukingo wa meza, akasimama bila kusaidiwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ile nyonga iwekwe chuma, akaenda hadi ukutani na kuutoa mkonga wa simu kwenye ndoano yake.

"Vaeni makoti yenu mtoke nje, wote wawili," aliwaambia watoto wake. "Tarcísio, mpe simu mama yako."